Machipukizi ya Mhazeli

"Usinishike mkono, Mama. Nimeshamaliza."

"Umemaliza nini? Umemaliza nini, Lyndon? Hebu angalia ulichofanya!"

"Nimepogoa. Si wewe mwenyewe uliyenipigia simu nije nikusaidie bustani?"

"Nilisema ufagie majani! Nilisema ubebe viti!"

Mwanangu alikuwa ameshika ule msumeno mdogo wa kukunja, na unga wa mbao umemganda kwenye ndevu. Ana miaka arobaini na sita, mvi zimeanza masikioni, lakini alisimama kifua mbele kama mtoto aliyevunja sahani kwa makusudi na anataka ulimwengu mzima ujue ni makusudi. Mbele ya buti zake, kwenye nyasi zilizoganda kwa baridi ya usiku, mhazeli wetu ulikuwa chini, vipande vipande.

Ni mhazeli wa matawi yaliyojisokota. Hakuna tawi hata moja lililonyooka. Kila moja limejipinda, likajikunja, likarudi nyuma, kama waya uliochezewa na mtoto siku nzima. Wakati wa kiangazi mti huu hauna sura, majani yake yamejikunyata utadhani unaumwa. Uzuri wake ni Februari, majani yakiwa hayapo na vishada vya maua ya manjano vikiwa vinaning'inia kwenye yale mapindo. Jana jioni vilikuwa vimefunguka vyote. Sasa vingine Lyndon alikuwa amevikanyaga.

"Kesho watu wanakuja," nikasema. "Kijiji kizima. Baba yako amengoja siku hii tangu alipotoka hospitali. Kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Kila Februari kijiji chetu hufungua bustani zake Jumapili moja, watu wakaingia nyumba kwa nyumba kuangalia maua meupe ya mwisho wa baridi, wakanywa chai, wakala keki, na sadaka ikaenda kwenye paa la kanisa. Bustani nyingine zina hayo maua tu. Yetu ilikuwa na mhazeli wa Cedric. Watu walitoka hadi mji wa Stroud kuja kuutazama, na mume wangu alisimama kando yake na tai shingoni akiwaeleza habari zake kana kwamba ni yeye aliyeupinda kwa mikono. Mche niliununua mimi, mwaka wa sabini na tisa, kwenye kitalu nilichokuwa nafanya kazi. Lakini haya ni mambo ya kawaida katika ndoa na sikuwahi kuyalilia.

"Wewe ndiye mwenye diploma ya bustani," Lyndon akasema. Alielekeza msumeno kwenye kile alichokiacha kimesimama. "Hebu niambie. Hivi vinaitwaje?"

Alikuwa amekata kila tawi lililopinda, akaacha fimbo saba zilizochomoza chini kabisa, karibu na udongo. Zilikuwa zimenyooka, laini, za rangi ya kahawia, ndefu kuliko mtu.

"Machipukizi," nikasema.

"Machipukizi. Na yametoka wapi, wakati mti wenyewe umepinda?"

Aliijua sababu. Nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa mdogo. Mhazeli wa namna hii haupandwi peke yake. Unabebeshwa juu ya mzizi wa mhazeli wa kawaida, ule wa porini, kisha maisha yote yanabaki mashindano. Kilicho juu kinapinda, kilicho chini kinataka kunyooka na kwenda juu. Ukikiacha, cha chini kinashinda.

"Na yanatumika kwa kazi gani, Mama?"

Nikainama kuokota kishada.

"Mwanafunzi hajui jibu," akasema. "Akae chini."

"Lyndon, acha ujinga."

"Mkoba wangu uko garini. Nitakaa hapa mpaka saa sita. Ama utamwambia mzee, mbele yangu, kwa mdomo wako, kwamba uliona na ulijua. Ama leo ndiyo mwisho. Sitapiga simu. Sitakuja. Siku ukifa nitasikia kama wanavyosikia majirani."

"Kwa ajili ya maneno ya Krismasi? Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

Siku ya Krismasi, tukiwa mezani, mkewe Petra aliniuliza zile alama nyuma ya mapaja ya Lyndon zilitoka wapi. Aliuliza taratibu, bila ubaya. Nami nikacheka. Nikamwambia alikuwa mtoto wa kuparamia ua wa miiba, hakuna aliyeweza kumzuia. Kisha nikamwongezea viazi. Lyndon aliangalia sahani yake. Cedric, kwenye kiti chake cha magurudumu mwisho wa meza, alitabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo ambao kiharusi kilimwachia.

Sitajifanya kwamba sikuelewa. Niliosha vyombo na nikalala vizuri.

Sasa nilimwangalia mwanangu, nikaangalia ule mti chini, na nikafanya jambo nililozoea kulifanya. Niliingia bandani nikatoka na waya.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Shika hii ncha."

"Sishiki kitu."

"Basi usishike." Niliokota tawi kubwa kuliko yote, nikaliegemeza kwenye chipukizi, nikaanza kulifunga. Waya mwembamba wa kijani hauonekani ukisimama hatua tano. Vishada hukaa siku mbili bila kunyauka kwenye baridi ile. Nilihitaji siku moja tu. Nilifunga tawi la kwanza, nikarudi nyuma kuangalia, nikafunga la pili.

Lyndon aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa ananitazama.

"Unajua unafanana na nini?" akasema. "Na mtu anayemchana nywele maiti."

"Niletee lile lenye vishada vingi."

"Siku ile ya mashindano ya mbio shuleni uliniandikia barua. Ulimwandikia mwalimu kwamba nisivae kaptura kwa sababu ngozi yangu haivumilii jua. Unakumbuka? Jua gani, Mama? Jua gani hapa kwetu?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata karatasi, ilikuwa na mistari. Nikakaza waya kwa koleo.

Lango likalia, akaingia Bi Hobday, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, anayesimamia siku ya bustani kwa miaka kumi na tano sasa. Amevaa buti za mpira, kwapani amebeba ubao mweusi.

"Averil, shoga yangu, nimekuletea ubao wa lang..." Akakwama. "Yesu wangu! Mti umepigwa na radi?"

"Umepigwa na mimi," Lyndon akasema. "Hujambo, Bi Hobday?"

"Sijambo, mwanangu. Umefanya nini? Umechanganyikiwa?"

"Amekosea kupogoa," nikasema haraka. "Alidhani yaliyopinda ni ugonjwa."

"Maskini!" Bi Hobday akacheka mpaka akaweka ubao chini. "Lo! Watu wa mjini nyie! Mume wangu naye aling'oa kitunguu saumu akidhani ni nyasi. Sasa tufanyeje? Ngoja nikushikie. Hapa? Kesho wageni waweke nyuma ya kamba, wasisogee. Wenyewe watakuwa wanatazama keki." Akalishika tawi kwa mikono miwili, akaishusha sauti. "Lakini mzee asijue, Averil. Akijua atakufa."

"Tumejaribu mengine yote," Lyndon akasema.

Bi Hobday alidhani hakusikia sawasawa. Akacheka tena, kidogo.

Tuliendelea kufunga. Ni kweli ulianza kupendeza. Kwa mbali ungedhani ni mti. Nilikuwa nimefunga matawi sita na nikaanza kuhesabu nitahitaji viti vingapi vya kuzuia watu, mara nikasikia mlango wa jikoni. Nilikuwa nimemsahau Lyndon. Pale kwenye ndoo hapakuwa na mtu.

Alikuwa anamsukuma baba yake kwenye njia ya mawe. Cedric alikuwa na blanketi magotini na kofia ya sufu, na jemu ya machungwa bado iko kwenye kona ya mdomo.

"Mzee anataka kukagua," Lyndon akasema.

"Mrudishe ndani. Kuna baridi."

"Niacheni hapa," Cedric akasema. Kiharusi kilimpunguzia mguu na mkono, maneno hakikuyagusa. Aliutazama mhazeli kwa muda. Nilimjua mume wangu kwa miaka hamsini, na sikuweza kukisia atasema nini.

"Averil," akasema mwishowe, "nani amemvika suti marehemu?"

"Kulikuwa na ajali kidogo, Cedric. Lyndon..."

"Naona. Mimi sijapofuka. Huu wote umekatwa kwa msumeno, tena na mtu asiyejua kushika msumeno." Akamgeukia mwanawe. "Siku zote ulikuwa na mikono ya uji."

"Ndiyo, Mzee."

"Miaka arobaini na zaidi. Umefurahi sasa?"

"Bado."

Hapo nilimwonea Cedric huruma. Macho yalikuwa yamemlowa, na si kwa baridi. Nilisogea nimpanguse. Kama angenyamaza dakika moja zaidi, nadhani ningemaliza kufunga matawi yote, Lyndon angewasha gari akaenda, na Jumapili tungekunywa chai.

Lakini alikuwa ameyaona machipukizi.

"Hata hivyo," akasema, na ule upande wa mdomo ukapanda juu, "kaniachia yaliyo mazuri. Fimbo ile ya tatu kutoka kushoto. Unaiona, Lyndon? Ina unene wa kidole. Haipasuki hiyo. Inapinda na kurudi."

"Utamu wa mzee huyu!" Bi Hobday akasema, akifurahi kwamba hakuna aliyekufa. "Ya kutembelea hiyo, Mzee Cedric? Tukukatie?"

"Ya kutembelea," akasema. Akamkonyeza Lyndon.

Mwanangu hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya mishikio ya kiti na niliona vidole vimekuwa vyeupe. Mtu mzima, ana nyumba, ana watu kumi na wanane chini yake kazini, na magoti yake yalikuwa yamejibana pamoja.

"Mama," akasema. Basi.

Niliweka koleo chini.

"Cedric," nikasema, "nataka kukuuliza kitu cha bustani. Kwa nini ulikuwa unayakata?"

"Nini?"

"Machipukizi. Mwaka wa kwanza tu nilikwambia yasikatwe. Nilikuonyesha. Unafukua udongo, unalishika pale linapotokea, unaling'oa pamoja na kisigino chake, kile kipande cha mzizi, halirudi tena. Ukilikata kwa mkasi, mwaka ujao yanaota matatu. Mtoto wa darasa la kwanza la kilimo anajua. Nilikwambia mwaka wa pili. Nilikwambia mwaka wa tatu. Ukaendelea kukata. Tena ukikata vizuri, juu kidogo ya ardhi, ili yaje mengi na yaje yamenyooka."

Bi Hobday alikuwa bado ameshika tawi lake.

"Si kwamba ulikuwa hujui," nikasema. "Ulikuwa unalima fimbo."

Niliposema hivyo nilihisi kitu kama kuteleza kwenye ngazi. Nilikuwa nimelijua jambo hili tangu Lyndon yuko shule ya msingi, lakini sikuwahi kulisikia kwa sauti. Mimi nilikuwa mtaalamu nyumbani mle. Mwanamke mwingine angeweza kusema hakuona, alikuwa jikoni, alidhani mtoto ameanguka. Mimi niliweza kuhesabu kwenye shina. Kila Novemba nilihesabu yaliyokatwa, na kufika kiangazi nilijua yaliyotumika.

Cedric hakukasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyechelewa mkutanoni.

"Na wewe ndiye uliyekuwa unanoa mkasi," akasema. "Kila Novemba. Unaunoa, unaupaka mafuta, unaniwekea mezani juu ya gazeti. Sikuwahi kukuomba, Averil. Hata mara moja."

Upepo ulitikisa tawi nililolifunga vibaya, likaning'inia.

"Ni kweli," nikasema. Nikamgeukia Lyndon, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. "Niliona. Nilijua. Tangu mwanzo nilijua, na nilinoa mkasi. Petra nilimdanganya. Hukuwahi kuparamia ua wowote."

Lyndon akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea mzigo mlangoni. Hakunikumbatia. Sikutegemea anikumbatie.

"Haya, haya," Bi Hobday akasema, akiliweka tawi chini polepole kama yai. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Mambo ya ndani ya nyumba hayo, kila nyumba ina yake, tusianze kuyafukua leo. Zamani watoto wote walichapwa. Mimi nilichapwa, na sina neno. Tuandike ubao, nina nyumba tatu bado." Akatoa chaki mfukoni, akapiga goti mbele ya ubao. "Mwaka jana tuliandika Mhazeli Maarufu wa Cedric Purnell. Mwaka huu je? Niseme unapumzika? Niseme hauonyeshwi kwa sababu ya hali ya hewa?"

"Hali ya hewa," Cedric akasema. "Hiyo ni nzuri."

"Lete chaki," nikasema.

"Nina mwandiko mzuri mimi, Averil..."

"Bi Hobday, lete hiyo chaki."

Akanipa. Nilivuta ubao nikauegemeza kwenye gurudumu la kiti cha Cedric, kwa kuwa ndipo palipokuwa na sehemu imara, nikaandika kwa herufi kubwa ambazo mtu aliye ndani ya gari anaweza kuzisoma:

MHAZELI WA CEDRIC PURNELL. UMEKATWA. FIMBO ZILIZOBAKI NI ZA AINA ALIYOMCHAPIA MWANAWE, TANGU MIAKA MINANE MPAKA KUMI NA MITANO. MKEWE ALIJUA NA ALIMNOLEA MKASI. BUSTANI IKO WAZI SAA NANE. CHAI IPO.

"Huwezi kuuweka ubao huo," Bi Hobday akasema. "Averil. Mchungaji anapita hapa. Watoto wa shule ya Jumapili wanapita hapa!"

"Wanajua kusoma."

"Yeye ni mgonjwa!"

"Namwogesha kila siku. Najua alivyo."

Cedric hakuweza kuyaona maneno kutoka pale alipokaa, ubao ukiwa umemgeuzia mgongo. "Ameandika nini?" akauliza. "Hobday, ameandika nini?"

Bi Hobday akaanza kutafuta glavu zake ambazo zilikuwa mikononi mwake.

Ni Lyndon aliyemsomea. Alizunguka mbele, akasoma neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Niliona uso wa mume wangu ukibadilika taratibu upande mmoja, ule mwingine umetulia vilevile.

"Averil," akasema. "Watakuja kukuuliza wewe. Mimi nitakuwa ndani, mgonjwa. Wewe ndiye utakayekuwa unapita dukani. Wewe ndiye watakayemhama kwenye benchi kanisani ukikaa. Umelifikiria hilo?"

"Ndiyo."

"Na hata hivyo?"

"Kunywa dawa yako saa tano, Cedric. Ipo mezani."

Nilipiga magoti kuinua ubao. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, wa mbao za zamani.

"Mama," Lyndon akasema.

Nikageuka. Kitu kipumbavu ndani yangu kilitegemea asante.

"Umekosea. Siyo minane." Aligusa ubao kwa kidole. "Nilikuwa na miaka saba."

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama bila chuki, akingoja tu nisahihishe. Niliona kwamba alikuwa anasema kweli, na kwamba kulikuwa na mwaka mzima ambao hata mimi, niliyehesabu, sikuuhesabu.

Nikavuta mkono wa sweta, nikafuta neno, nikaandika SABA. Kisha nikaubeba ubao kupita kiti cha Cedric, kupita Bi Hobday, nikatoka langoni, nikausimamisha ukitazama barabara, na nikaweka mawe mawili chini ili upepo usiuangushe.